Pasi ya Kwanza kwa Mama Melvin

Benchi la timu ya Kitengela halikuwa benchi. Lilikuwa safu ya mawe ya kujengea, yaliyomwagwa pale na lori lililokwama matopeni mwaka wa mvua za El Niño, na mwenyewe hakurudi kuyachukua. Asubuhi mawe yale yalikuwa baridi kama chuma, na adhuhuri yakachoma kama kikaango. Sasa, mwaka wa 2003, jiwe la mwisho upande wa kushoto lilianza kung'aa kuliko mengine. Aliyeling'arisha, kwa kaptula yake na kwa subira yake, alikuwa Nailantei.

"Hili jiwe ni lako," Immaculate alizoea kumtania. "Siku ukiolewa utalibeba, likuwe figa ya jikoni."

Immaculate ndiye aliyekuwa akiuleta mpira mbele na kuugawa kwa wenzake, na nafasi hiyo hasa ndiyo Nailantei aliyokuwa akiisubiri. Lakini Nailantei hakumwonea kijicho. Alicheka, akaweka viwiko juu ya magoti, akaendelea kuutazama mpira ukidunda kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

Kwao ni Bissil, kusini ya mji wa Kajiado, mahali ambapo nyasi zikikauka hugeuka rangi ya simba, na simba akilala humwoni. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi Kitengela, katika duka la dawa za mifugo kando ya barabara ya Namanga, kwa kuwa mwenye duka alitaka mtu wa kuzungumza Kimaasai na wateja. Akapanga chumba kimoja katika ploti ya mabati. Mji wenyewe ulikuwa ukikua kwa pupa. Unaanika nguo asubuhi penye uwazi, unarudi jioni kuzianua, unakuta mtu ameshachimba msingi wa nyumba chini ya kamba yako.

Nyuma ya duka palikuwa na ua wa kanisa, na ndani ya ua ule sakafu ya saruji yenye nyufa na ringi mbili zilizochomelewa na fundi wa mageti. Kila Jumamosi alasiri uwanja ule ulikuwa wa timu ya wanawake ya Otiende.

Otiende alikuwa karani huko Nairobi. Siku za kazi aliondoka kabla ya jogoo na kurudi baada ya kuku kulala, na Jumamosi, iliyokuwa siku yake peke yake, aliamua kuipa mpira wa vikapu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na njiti ya kiberiti haikumtoka kinywani. Hakupiga kelele. Mchezaji akikosea alimwambia, "Polepole, mama," na akiulizwa mbona hamtoi mtu fulani timuni, alijibu, "Mchezaji ni ugali. Ukipakua mapema utakula uji."

Alimpata Nailantei kwa bahati. Siku moja mpira uliruka ukuta ukaangukia nyuma ya duka, katikati ya madebe ya dawa ya kupe. Nailantei aliuokota, akaupima mkononi, akaurudisha juu ya ukuta kwa mrusho mmoja. Ulishuka umenyooka, ukamgonga Otiende kifuani, njiti ikamtoka.

"Nani amerusha hiyo?"

Kichwa kikachungulia juu ya ukuta. "Pole, mzee. Sikuwa nakuona."

"Sijakasirika. Nauliza, umejifunzia wapi?"

"Kwa mbuzi."

Na ilikuwa kweli. Utoto wake wote alichunga mbuzi za babake, na anayechunga mbuzi hujifunza kurusha jiwe lipite mbele ya pua ya kiongozi wa kundi bila kumgusa, ageuke na wenzake wamfuate. Hujifunza pia kuona. Kwao mifugo haihesabiwi. Hutazamwa, na aliyepotea hujulikana kwa pengo la rangi yake. Nailantei aliposimama uwanjani alijua, bila kugeuza shingo, nani yuko wapi na nani hayuko.

Otiende alimtia mazoezini pamoja na wasichana wa shule ya sekondari waliokuwa wakicheza dhidi ya wakubwa. Humo alikuwa moto. Alipitisha mpira katikati ya miguu ya watu, nyuma ya mgongo, juu ya vichwa, na wasichana wale walifunga mpaka wakachoka kushangilia. Otiende alitafuna njiti, akatabasamu, akamngojea mechi ya kweli.

Mechi ya kweli ikaja, ugenini Isinya. Miji ya barabara ya Namanga ilikuwa ikishindania kikombe kidogo cha bati, na kila mji ulikitaka kana kwamba ni cha dhahabu. Immaculate alipochoka, Otiende alimwita Nailantei, akamwingiza kati ya wakubwa.

Alifika katikati ya uwanja na mpira, akainua macho. Chini ya kikapu alisimama Adero, ambaye wote walimwita Mama Melvin. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, mama wa watoto watatu, mrefu, mabega mapana, mkubwa wa wote kwa umri. Alikuwa amezungukwa na watu watatu. Kwenye kona, peke yake kabisa, akipunga mikono yote miwili kama mtu aliyeachwa na gari, alisimama Shirleen, msichana wa saluni, mdogo kuliko wote timuni na mwenye mkono usiokosa kikapu.

"Mama Melvin, samahani, shika!" Nailantei akaita.

Alipofika kwenye "samahani," mpira ulikuwa umeshanyang'anywa.

Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alianza na Mama Melvin, akaona hapana njia, akamtafuta Kaveke, mke wa mwashi, wa pili kwa umri. Shirleen kule konani akaruka, akapiga miluzi, mwisho akaketi chini. Kocha wa Isinya naye alikuwa ameshauelewa mchezo. "Mngojeni huyo mama mrefu!" akawaambia wasichana wake. "Msihangaike kukimbia, mpira utakuja wenyewe!"

"Nailantei," Otiende akaita, kwa upole. "Kuja ukae. Polepole, mama. Wacha woga."

Ikawa hivyo mechi baada ya mechi. Dakika chache, mpira mikononi mwa adui, kisha jiwe. Na kila mara Otiende alimwambia awache woga, naye Nailantei aliitika, ingawa alijitafuta moyoni na woga hakuuona.

Alipoenda nyumbani Bissil mwezi wa saba aliinamisha kichwa mbele ya babake ili amguse utosini, kama mtoto anavyowasalimu wakubwa zake. Mzee Parmuat alimgusa, akamkaribisha, akangoja anywe maziwa. Kisha akaanza.

"Nimesikia huko mjini unacheza."

"Ndiyo, papa."

"Mchezo gani?"

"Mpira. Wa mikono. Unatiwa kwenye kikapu."

"Kikapu kinajaa?"

"Hakina kitako, papa. Mpira unatoka chini."

Parmuat alikitafakari kikapu kisicho na kitako kwa muda. "Na wewe kazi yako hapo ni nini?"

Nailantei hakujua kumdanganya babake. "Kwa sasa nakaa."

"Unakaa."

"Kuna jiwe. Nakaa hapo nikingoja niitwe."

"Kwa hivyo umevuka Kajiado, umevuka Isinya, kwenda kukaa juu ya jiwe. Hapa hatuna mawe?"

Mamake akaangua kicheko hadi kibuyu kikamponyoka. Lakini mzee hakucheka. Alimtazama bintiye kwa upande. "Na mtacheza Kajiado lini?"

"Mwezi wa nane. Mechi ya mwisho."

"Nitakuja. Nataka kuona huko kukaa."

Nailantei alirudi Kitengela na neno hilo limemkaa rohoni kama mwiba wa mgunga. Jiwe angelivumilia. Matani ya Immaculate angeyavumilia. Lakini babake aabiri lori la mifugo mpaka Kajiado, asimame uani mwa watu na fimbo yake, amwone bintiye ameketi toka mwanzo hadi mwisho! Aliomba jambo moja tu. Siku ile, hata kama ni kwa muda wa kupiga chafya, acheze, na acheze vizuri.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mazoezi, wote walienda kwa Adero kunywa chai kama desturi yao. Nyumba ilikuwa ndogo, miguu mingi. Nailantei alishika birika, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alilishika bila kuambiwa. Akamimina. Kikombe cha kwanza kwa Otiende. Cha pili kwa Adero. Kisha Kaveke, kisha Priscilla wa posta, kisha Immaculate. Cha mwisho, chenye majani ya chini ya birika, kwa Shirleen.

Adero alikuwa mshonaji, na mshonaji huona mshono unaporudiwa. Alikunywa nusu, kisha akasema, "Hebu tubadilishane viti. Hapa jua linanipiga."

Jua halikuwepo, lakini walibadilishana. Kaveke akaenda mlangoni, Shirleen akaketi karibu kabisa na birika, Adero akajibana nyuma ya kabati.

"Ongeza chai, Nailantei."

Nailantei akamruka Shirleen, ambaye kikombe chake kilikuwa chini kabisa ya mdomo wa birika. Akaiwasilisha kwa Otiende, akakanyaga mguu wa Priscilla, akajinyoosha mpaka nyuma ya kabati kummiminia Adero. Akarudi mlangoni kwa Kaveke. Akazunguka meza mara mbili. Shirleen alibaki ameinua kikombe kama mwombaji.

"Manze, hii ndiyo ile kona yangu ya Isinya," Shirleen akasema.

Adero aliweka kikombe chini polepole. "Kocha. Huyu mtoto hana woga hata kidogo."

"Ako na nini basi?"

"Adabu. Anatupatia mpira kama chai!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Kaveke alishika mbavu. Priscilla alisahau mguu wake. Otiende alicheka mpaka njiti ikamwangukia chaini, akaitoa kwa kidole, akacheka tena. "Na mimi msimu mzima nasema wacha woga, wacha woga! Ndiyo maana na wale wasichana wa shule anapiga kila mahali. Wote ni wadogo zake!"

Nailantei alisimama na birika, uso umemwiva. Hakuwa amewahi kulifikiria, kama vile mtu hafikirii mguu upi atangulize. "Lakini sasa," akasema, "ningefanya aje? Mama Melvin amesimama pale mbele ya watu, na mimi nimpite nipatie mtoto kwanza?"

"Mtoto ni mimi?" Shirleen akauliza. "Siz, tumepishana mwaka mmoja!"

"Mwaka ni mwaka."

Otiende alipangusa macho. "Sikia, Nailantei. Chai mpe nani kwanza, hiyo ni heshima. Na hiyo usiache. Lakini uwanjani hakuna mkubwa. Kuna mtu amefungwa na mtu ako wazi. Kuanzia Jumamosi hakuna Mama Melvin, hakuna samahani. Unaita Adero."

Kusema ni rahisi. Jumamosi walimzunguka uwanjani kumfundisha kuita jina moja.

"Adero," Nailantei akanong'ona.

"Sauti!"

"Ade..." Akajifunika mdomo, akacheka, akageuka ukutani.

"Aki ya nani," Adero akasema, "unaniita kama nimekufa. Mtu akisikia atachangisha matanga."

Walijaribu kwa ukali, wakajaribu kwa peremende. Immaculate alijaribu kwa matusi ya mapenzi. Jina lilifika kooni mwa Nailantei likakaa pale kama mfupa wa samaki, na mikono yake, ikisubiri mdomo, ikachelewa. Mwezi wa nane ulikuwa ukikaribia. Otiende akaanza kumtazama Phylis, mhudumu wa maktaba ya shule, mchezaji mwangalifu ambaye hakuwahi kupoteza mpira kwa sababu hakuwahi kwenda nao popote.

Nailantei aliona jicho lile. Jioni hiyo, wakirudi, alitembea kando ya Adero mpaka walipofika penye njia panda ya ploti zao.

"Mama Melvin. Kwetu kuna njia."

"Ya nini?"

"Ya kuitana. Mtu akikupatia kondoo, hamuitani majina tena. Wewe unamwita Paker, na yeye anakuita Paker. Neno moja kwa wote wawili. Kulikuwa na kijana alimpa babu yangu kondoo wakati wa kiangazi. Babu hakuwa na meno, kijana hakuwa na ndevu, na walikuwa wanaitana Paker kutoka ng'ambo hii ya bonde mpaka ile. Hakuna aliyesema kijana amekosa adabu."

"Kwa hivyo kondoo anaondoa umri?"

"Haondoi. Anauweka kando kidogo, ukae hapo ungoje."

Adero alifikiri. "Mimi niko na kuku."

"Kuku?" Nailantei alijaribu kujizuia, akashindwa. "Mama Melvin, kuku si mfugo. Kuku ni ndege amekosa kuenda."

Walicheka wote wawili mpaka mbwa wa jirani akabweka. Lakini Nailantei alikuwa ameshapanga. Alikuwa na kondoo jike wake mwenyewe, aliyepewa akiwa mdogo, na yule kondoo alikuwa amezaa. Alimtuma dereva wa lori la mifugo kwa babake: ukija Kajiado, uje na yule mwanakondoo wangu mwenye kichwa cheusi. Dereva akarudi na jibu. "Mzee anauliza, huko kukaa kunalipiwa kondoo?"

Siku ya mechi upepo wa Agosti ulikuwa ukikwangua vumbi la Kajiado na kulimwaga machoni pa kila mtu bila upendeleo. Uwanja ulikuwa wa shule, wenye uzio wa waya, na nje ya waya walisimama wanaume waliotoka mnadani na vijana waliotoka kanisani. Timu ya Kajiado ilikuwa imejaa wasichana wenye miguu kama ya swala.

Mzee Parmuat alitokea na shuka lake jekundu, rungu mkono mmoja, mwanakondoo kwapani. Nailantei, katika fulana ya timu na kaptula, alikimbia akainamisha kichwa. Babake akamgusa, kisha akaitazama kaptula, akaamua kutazama mlima.

Nailantei akampokea mwanakondoo, akaenda mpaka walipokuwa wenzake, akampa Adero kwa mikono miwili. "Huyu ni wenu. Si wa Mama Melvin peke yake, ni wenu nyote. Kutoka leo mimi nawaita Paker, na nyinyi mniite Paker."

"Hata mimi?" Shirleen akauliza.

"Hata wewe."

"Kwa hivyo niko sawa na Mama Melvin?"

"Usizoee," Adero akasema, macho yamemlowa, mwanakondoo akimla kola.

Otiende aliyakuta haya akiwa na chaki ya kupanga timu. "Hii ni mechi ama ni harusi?" Kabla hajajibiwa, Parmuat alikuwa mbele yake.

"Wewe ndiyo nakalisha mtoto yangu?"

"Mzee, sijamkatalia. Nangoja aive."

"Ameiva. Angalia, ni mrefu."

Kipenga kikalia. Immaculate alianza. Nailantei akaketi, maana hata Kajiado palikuwa na benchi, la mbao hili, na upande wake wa kushoto ulikuwa wazi kama kawaida. Punde si punde babake akaja akaketi kando yake, mwanakondoo katikati. Refa akakimbia. "Mzee, hapa ni pa wachezaji!"

"Najua," Parmuat akajibu. "Mimi pia nakaa."

Refa alilitazama rungu, akaona mchezo unaendelea, akaondoka.

"Hii kazi si ngumu," mzee akamwambia bintiye kwa Kimaasai, baada ya muda. "Lakini inauma kidogo hapa chini."

"Inauma, papa," Nailantei akasema.

Robo ya kwanza ikapita, na ya pili. Kajiado walikuwa mbele. Immaculate alicheza vyema, lakini alikuwa na ugonjwa wa kubishana na marefa, na marefa wana dawa moja tu. Faulo ya tatu, ya nne. Robo ya mwisho ilikuwa bado changa alipopata ya tano, ile inayomfukuza mchezaji, akatoka uwanjani akiendelea kueleza.

Otiende alisimama. Alimtazama Phylis, na Phylis akaanza kufunga kamba za viatu. Akalitazama jedwali la pointi. Akamtazama Nailantei, na babake, na mwanakondoo, wote watatu wakimkazia macho. Akaitoa njiti kinywani.

"Nailantei. Enda. Na usinipikie chai huko."

Aliingia. Mpira ukamjia, akaudunda mpaka katikati, na hapo, kabla hajafikiri, macho yakaenda chini ya kikapu kwa Adero, mkono ukayafuata macho. Msichana wa Kajiado akaunyakua hewani kama mwewe, akakimbia nao, akafunga.

"Eeeh!" alisikika mzee mmoja kwenye benchi.

Nailantei aligeuka kumtazama Otiende. Alilijua neno linalofuata, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuelekea kule. Lakini neno halikuja. Otiende alirudisha njiti kinywani, akafumbata mikono nyuma, akaanza kutazama mawingu kana kwamba amekuja Kajiado kwa ajili yake. Phylis alikuwa wima, kamba zimefungwa. Otiende hakugeuka.

Ndipo Nailantei akaelewa kwamba hataitwa. Kitu kilichokuwa kimekunjwa kifuani mwake msimu mzima kikakunjuka.

Akauleta mpira tena. Akatazama uwanja kama mtu anavyotazama kundi likitoka zizini. Pengo lilikuwa kushoto, na penye pengo alikuwa Shirleen.

"Paker!" akaita.

Mambo mengi yakatokea kwa mara moja. Wenzake wanne wakainua mikono, maana wote waliitwa. Wasichana wa Kajiado wakatawanyika, kila mmoja kwa mtu wake, hakuna aliyejua mpira ni wa nani. Nje ya waya wanaume watatu wakageuka kuona nani anawaita, na mmoja, aliyekuwa na rafiki wa kondoo mahali, akaitika, "Oe!" Mpira ukapita mbele ya pua za watu, umenyooka kama jiwe linalomgeuza mbuzi, ukatua mikononi mwa Shirleen.

Shirleen alikuwa hajauzoea. Aliutazama kidogo kana kwamba atauliza ni wa nani. Kisha akaruka, akaurusha, ukapita ndani ya ringi bila kuigusa.

"Paker!" tena, na safari hii mpira ukaenda kwa Kaveke. "Paker!" na ukaenda kwa Priscilla, na Priscilla kwa Adero, ambaye sasa hakuwa na mtu wa kumlinda kwa sababu walinzi wake walikuwa wamemkimbilia Shirleen. Uwanja mzima ukashika neno. Wanaume nje ya waya wakawa wanaitika kila pasi. Msichana mmoja wa Kajiado, akimkaba Nailantei, akacheka akamnong'oneza kwa Kimaasai, "Umewapa hawa wote kondoo? Babako ana mifugo mingapi?"

"Haihesabiwi," Nailantei akamjibu, akampita.

Walishindwa. Kipenga cha mwisho kiliwakuta nyuma kwa pointi moja, mpira ukiwa angani kuelekea kikapuni, ukagonga ringi, ukazunguka kama mgeni asiyejua mlango, ukatoka nje. Kikombe cha bati kilibaki Kajiado. Lakini aliyepita barabarani angedhani kilipanda gari kwenda Kitengela, kwa jinsi wanawake wale walivyokumbatiana.

Mwalimu mmoja wa shule ile aliwaletea birika la chai na sinia la vikombe. Nailantei, jasho bado linamtiririka, alilichukua birika kabla ya mtu yeyote. Cha kwanza kwa babake. Cha pili kwa Otiende. Kisha Mama Melvin, kisha Kaveke, kisha Priscilla, kisha Immaculate, aliyekuwa bado ana neno moja la mwisho kwa refa. Kikombe cha mwisho, na majani yake, kilifika kwa Shirleen.

"Kwa chai niko sawa, Paker," Shirleen akasema. "Hata nikunywe kesho."

Parmuat alipiga mafunda mawili. "Ule mpira wa kwanza ulipotea."

"Ulipotea, papa."

"Na huyu hakukuita ukae."

"Hakuniita."

Mzee akamgeukia Otiende, akampa mkono, na kwa Kiswahili chake akasema, "Huyu usikalishe tena. Kama nataka mtu ya kukaa, niite mimi. Mimi nimejua."

Otiende hakuahidi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuahidi. Lakini msimu uliofuata Nailantei alianza mechi ya kwanza, na ya pili, na alicheza Kitengela mpaka mwaka wa 2009, akiwa mama wa mtoto mmoja, wasichana wadogo wakipata taabu kumwita jina. Immaculate alihamia upande mwingine wa uwanja, ambako marefa walikuwa mbali kidogo. Mwanakondoo alilelewa nyuma ya nyumba ya Adero, akala soksi za shule za Melvin, mwenye ploti akalalamika, na mwisho ikakubaliwa kwamba Jumamosi atakuja mazoezini na timu. Alifungwa kwenye jiwe la mwisho upande wa kushoto. Jiwe lilikuwa limeanza kushika vumbi kama wenzake, lakini yule kondoo alipenda kujikuna mbavu pale, na polepole, Jumamosi baada ya Jumamosi, likaanza kung'aa tena.